Saa ya Kobe

Ramadhani ya 1986 mjomba wangu baharia alishuka Kilindini, Mombasa, na katoni mbili alizonunua Kobe, Japani. Moja ilikuwa chungu cha umeme cha kupikia wali, na ya pili saa ya meza yenye redio, ile ya vibao vinavyoanguka pa! kila dakika. Akafuturu nasi Kibokoni siku mbili, kisha meli ikamchukua tena.

Plagi zote zilikuwa za pini mbili bapa. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, fizikia nikiipenda, na nikijiona fundi. Nikaenda Mwembe Tayari nikanunua adapta. Bibi akaosha mchele, akakuna nazi, akatia tui, nami nikawasha. Tui lilifoka kama lililotiwa wazimu, likamwagika mezani, kisha harufu ya plastiki, moshi, kimya. Siku ile tulifuturu kwa maji, tende na lawama.

Chungu nikakipeleka kwa ami mmoja mwenye kibanda cha redio Makadara. Hakukifungua hata. Alikipindua, akaweka kidole kwenye kibandiko. Maandishi yote ya Kijapani, lakini tarakimu zilisomeka bila mkalimani: 100V, 600W.

"Hapa kwetu ni volti ngapi, msomi?"

"240, ami."

"Sasa hii adapta yako imebadili nini?"

Nikanyamaza. Ilikuwa imebadili umbo la pini tu. Ami akachukua kalamu, akaandika nyuma ya pakiti ya sigara: volti zikizidi mara 2.4, joto lazidi karibu mara sita. Chungu cha wati 600 kililazimishwa kufanya kazi ya wati 3,400 na ushei. Nikauliza mbona fyuzi haikukatika. Akacheka. Wati zile kwa volti 240 ni kama ampea 14, na fyuzi ya ampea 13 yaweza kuvumilia 14 muda mrefu tu. Kazi yake ni kulinda waya, chombo chako shauri yako.

Kukipa chungu kama kile transfoma kungetaka dude zito, alisema, bora bibi yako anunue makaa. Saa lakini yala umeme kidogo sana. Akanisukia transfoma ndogo ya kushusha 240 hadi 100, nami nikarudi nyumbani kifua mbele.

Redio ilisema vizuri mno. Baada ya tarawehe, saa tatu kamili usiku, nikaiweka saa sawa na kutega kengele ya saa kumi ya daku. Bibi miaka yote aliamka mwenyewe, hahitaji kengele wala matari. Usiku ule nilimwambia, "Lala, bibi. Mashine itatuamsha." Akalala. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliniamini.

Tuliamshwa na adhana ya alfajiri. Mahamri yalikuwa yamefunikwa kwenye sinia, mbaazi sufuriani, na hakuna wa kuyagusa tena. Nikakimbilia saa: vibao vyasema saa tisa na dakika arobaini na kitu, vikianguka taratibu, bila haraka. Bibi akatazama saa, akanitazama mimi.

"Jini hilo litoe chumbani mwangu."

Kutembea hadi Makadara bila daku, jua la Mei kichwani, ni adhabu iliyotosha. Safari hii ami aliisoma kwenye kibandiko cha saa tarakimu ambayo, alikiri mwenyewe, mara ya kwanza macho yake yaliiruka: 60Hz. Mota ya saa ile ilihesabu wakati kwa mapigo ya umeme. Ilizoea mapigo 60 kwa sekunde, na Mombasa inaipa 50. Transfoma hushusha volti. Hezi, yaani hayo mapigo kwa sekunde, huziacha kama zilivyoingia. Basi kila saa moja ikipita, yetu ilibaki nyuma dakika kumi. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Japani yenyewe imegawanyika: Tokyo 50, Osaka na Kobe 60. Mjomba angenunua saa ya Yokohama, tungekula daku. Saa nyingine zina swichi nyuma, ya kuchagua 50 au 60. Hii haikuwa nayo.

Ikabaki sebuleni kama redio, vibao vyake vimefunikwa kitambaa. Mjomba aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa kama saa inakwenda.

"Yaenda," bibi alimjibu, akimmiminia kahawa. "Ingali njiani yaja kutoka Kobe."