Kwaruza kwanza

Leo mbele ya muuza kuni mjukuu wangu kaniuliza, "Bibi, mbona unazikwaruza kuni hivyo?" Nilikuwa na kisu, nachuna gome kipande kimoja kimoja. Sikumjibu. Muuza kuni akacheka, akasema bibi yako hana imani na watu. Si kweli. Watu nina imani nao. Kuni ndizo sina imani nazo, tangu ile kambi ya Pemba.

Kambi mnaijua. Siku tisa, maturubai mawili chini ya mwembe ukingoni mwa mikoko, kuwazuia wenye mashua waliokuwa wakikata miti usiku na kuipeleka kwenye matanuri ya chokaa. Sheria ya misitu Zanzibar ipo tangu 1996, lakini sheria haikeshi. Waliokesha ni wanakijiji. Sisi akina mama wa kanisa, saba na padri wetu, tulikwenda kupika.

Na kupika kwenyewe kulifuata maji, si saa. Lile hori, mkono wa bahari unaoingia mikokoni, maji yakitoka hata ngalawa haipiti. Siku za bamvua, yale maji makuu, bahari hujaa kwenye saa kumi alfajiri, basi mashua zikija huanza kuingia saa nane usiku, na walinzi lazima wawe wamekwisha kunywa uji. Halafu kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na uji nao usogee. Siku ya pili tulipika kwa saa za jana. Uji uliganda sufuriani watu wamelala.

Sufuria tuliazima kijijini, zile za shughuli. Zetu tuliziacha nyumbani makusudi, maana mtu akiwa na shaka sufuria yako imewahi kupikiwa nini, atakushukuru kwa adabu zote na hatokula. Kuku alichinja mzee wa pale pale. Madumu mawili ya lita 20 yalikaa kando na kata yake, maji ya udhu, na padri alitukataza kuyagusa hata kwa kunawa mikono. Ibada yetu ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi, upande wa pili wa mwembe, bila kengele. Meza ilikuwa ubao juu ya matofali. Mshumaa tuliutia ndani ya chemni ya kandili, maana upepo wa kusi hauna dini. Hosti nazo, mkate wa komunyo, kwa hewa ile ya chumvi, hulegea kama karatasi iliyoloa, mpaka uziweke kwenye kopo la kifuniko lenye punje za mchele chini.

Sasa siku ya sita. Watu 60, mchele kilo 10, nazi 12. Wali wa hesabu hiyo hauna fundi, una moto. Tui jepesi linatangulia, mchele unaingia likichemka, tui zito linafuata maji yakianza kukauka. Chumvi nilikuwa naonja kwanza ndipo natia, kwani maji ya kisima kile siku za bamvua yana chumvi yake tayari. Kuni tulizokwenda nazo, matawi makavu ya mikarafuu, zilikuwa zimekwisha, kijana wetu mmoja akaleta mzigo kwa gari la ng'ombe, kanunua njiani. Kuni nzuri! Moshi kidogo, kaa lake linadumu. Nilijisifu kwa sauti.

Bibi mmoja wa kijijini alikuja na samaki wake, akavuta kigoda. Akaokota kipande ambacho hakijaingia motoni, akakipima uzito mkononi.

"Mwanangu, kuni hizi mmezitoa wapi?"

"Zimenunuliwa njiani, bibi."

Akaniomba kisu. Akachuna gome upana wa kidole. Chini yake palikuwa pekundu, wekundu wa tambuu iliyotafunwa. Akalamba ncha ya kisu, akakunja uso kwa ule ukakasi.

"Mkandaa huu, mti wa mikokoni," akasema, taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

Nikatazama chini ya sufuria. Kipande kimoja kilikuwa kinatoa povu kwenye ncha, povu la rangi ya chai, linachuruzika mpaka kwenye figa. Dakika kumi nzima lilikuwa mbele ya macho yangu.

Kijana mmoja wa ulinzi alisikia. Hakusema neno. Alizichomoa zote kwa kitambaa changu cha jikoni, akashuka nazo mbio kuzitosa majini. Tulisikia zikilia tsss, moja baada ya moja. Na wali ndio kwanza maji yamekauka, saa ya kupalia makaa juu ya mfuniko. Ukikosa makaa hapo, juu unabaki na kiini, chini unakuwa bwabwa. Makumbi ya nazi yanawaka kwa kishindo na kuzima. Vifuu vina kaa zuri, lakini nazi 12 ni vifuu 24, havienei hata juu ya mfuniko wa sufuria ile. Nikamwuliza padri tufanyeje. Alikuwa anakata vitunguu. Akasema, "Mimi nakata vitunguu."

Vilibaki vipande viwili pembeni. Nilivisukuma ndani mwenyewe, nikarundika makumbi mbele. Bibi aliniona. Akasogeza kigoda chake, akakaa baina yangu na ufukwe, akatandaza kanga yake magotini.

Wali ulitoka vizuri. Kijana alirudi, akala sahani mbili, akawaambia wenzake kumbe makumbi yanatosha. Sala ya chakula ilikuwa fupi siku ile. Niliiongoza mimi.

Yaliyofuata mnayajua. Mashua hazikuja tena, angalau hori lile. Kambi tukaivunja, sufuria tukazirudisha zimesuguliwa kwa mchanga. Krismasi ile kanisa letu lilipakwa chokaa mpya, nyeupe kweli kweli. Sikuuliza imechomwa wapi.

Leo mzigo wote nimelipia kabla sijamaliza kukwaruza, kosa langu. Muuza kuni keshapanda baiskeli keshaondoka. Vipande viwili vimetoka vyekundu. Mjukuu wangu kaviweka mbali na vingine, ukutani, na ananitazama. Maharage yako jikoni, hayajaiva.