Kumbukumbu ya mradi: 'd imenitoa jasho, leo imekubali

Hatimaye! Skripti yangu, yaani programu ndogo, ya kufumbua vifupisho vya Kiingereza kwenye manukuu ya filamu imepita sentensi zote za majaribio isipokuwa moja. Hiyo moja nakuja nayo.

"Would've", "could've" na "should've" nilizimaliza jioni moja. Balaa ni 'd. Mara ni "would", mara ni "had", na kwenye "Where'd you go?" inageuka "did". Nikaanza na kanuni tunayoijua wote: kikifuata kitenzi kitupu ("go") ni "would", likifuata umbo la tatu la kitenzi ("gone") ni "had". Mambo yakaenda mpaka nikakutana na "I'd put it on the table."

Put, put, put! Ningekiweka mezani, au nilikuwa nimekiweka mezani? Maandishi yaleyale, matamshi yaleyale. "Cut", "let", "come" na "run" nazo vivyo hivyo. Nikajaribu maktaba moja kubwa ya Python, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine kwa lugha hiyo ya kompyuta. Ikanikatia "I'd" vipande viwili kwa ufundi, halafu ikabahatisha kama mimi tu. Nimerudi kwenye kanuni za kuandika kwa mkono. "You'd better" ni "had", "I'd rather" ni "would", nimeyachomeka hivyohivyo na sioni aibu.

Siku mbili zikapotea bure: manukuu yalikuwa na ritifaa (kile kialama cha juu kwenye 'd) za aina mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na skripti ilikuwa inaiona moja tu. Nilikaribia kuitupa kompyuta dirishani.

Kilichofungua njia ni kuacha kukodolea kitenzi na kutazama sentensi nzima. Kitenzi kikiwa na utata na nyuma yake kuna "if", chukua "had". "If I'd put the money aside, I'd have it now": ya kwanza "had", ya pili "would". Sisi nge tunaiweka pande zote mbili, ningeziweka ningekuwa nazo, ndiyo maana hata mimi nilikuwa nasema "if I would have put" na kushangaa kwa nini mwalimu anakunja uso. Pasipo "if", natafuta "already" au "just", nazo zinavuta kwenye "had".

Sasa ile iliyokataa: "If I'd've known." Waingereza na Wamarekani wanaisema, vitabu vya sarufi vinaikataa, na ukiifumbua hujui uandike "had have" au "would have". Nimeiacha na ritifaa zake mbili, ikae hivyo.

Wiki hii nilipanga kukata sauti kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, nitengeneze kadi za Anki, programu ya kukariri kwa kadi. Sijagusa. Nimenasa kwenye "should of", kosa la wenye lugha yao wenyewe, kwa sababu 've isipotiliwa mkazo husikika kama "of". Faili lake nimeshafungua, tayari lina mistari kumi na tisa.