Kifungo cha nguo kutoka shambani Dagoretti

Udongo wa shamba la mjomba kule Dagoretti, Nairobi, ni ule mwekundu wenye chuma kingi, na mashine ya kutafutia vyuma hulia hata pasipo na kitu. Jumamosi mbili ziliniishia kwa kuizoesha ardhi tu: unaishusha na kuiinua mahali patupu huku ukirekebisha mpaka inyamaze. Ya tatu nikatoa ganda la risasi na, hatua chache mbele, kifungo.

Ganda niliangalia kwanza kama ni tupu. Risasi nzima haiguswi: unaweka alama, unaita polisi, maana baruti haizeeki ikawa salama. Hili fataki yake, ile ya kitakoni inayowasha baruti, ilikuwa imeshagongwa.

Haraka ikaniponza. Nililitia kwenye maji ya ndimu usiku kucha. Asubuhi likatoka limegeuka rangi ya waridi. Asidi ilikuwa imekula zinki iliyochanganywa na shaba, ikaacha shaba nyekundu juu. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu rangi ile hairudi. Bahati nzuri kitako kilisomeka: K, 17, VII. K ni kiwanda cha Kynoch cha Uingereza, 17 ni mwaka 1917, VII ni toleo la saba la risasi ya inchi .303, waliyoitumia King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Hata ukingo uliotokeza kitakoni unasema hivyo. Risasi ya bunduki ya Mauser 98 ya Wajerumani haina ukingo huo.

Kifungo sikukikaribia na ndimu. Nilinunua maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nikakiloweka siku tatu nikibadilisha maji kila jioni. Kisha kijiti cha meno na kioo cha kukuzia, tope likitoka chembe kwa chembe. Akaanza simba, akafuata farasi mwenye pembe moja, juu yao taji. Hapo kwenye taji nilikaa sana. Matao yake yamebinuka juu bila kubonyea katikati: ni taji la wafalme, lililotumika kuanzia 1901. La Malkia Elizabeth, aliyetawazwa 1953, limebonyea. Kutu ya kijani iliyolala laini nimeiacha, ndiyo inayokilinda. Nikakikausha kivulini.

Mjomba alikishika akauliza, "Ni cha wale wa Kariokor?" Akimaanisha Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walioupa mtaa ule wa Nairobi jina.

"Mjomba, chenyewe kinasema jeshi la mfalme wa Uingereza tu. Aliyekivaa hakikumtaja."

Alinyamaza, akaleta sanduku la kiberiti na pamba. Ndani tumeweka karatasi: chini ya mparachichi, kina cha shubiri moja, na tarehe.