Simulizi ya 4: Cornélie Falcon, sauti isiyo na santuri

Wiki ya tatu hii na simulizi yangu ya nne ya kusikiliza bado haijatoka. Zile tatu za mwanzo zilienda vizuri: nasimulia kidogo, naweka kipande cha santuri ya zamani, naendelea. Huyu amenikwamisha kwa sababu santuri hana. Cornélie Falcon, mwimbaji wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa), alizaliwa Paris mwaka 1814, sauti ikamtoka 1837, na mashine ya Edison ya kunasa sauti ikaja 1877. Alifariki 1897. Mashine ilimkuta yeye. Sauti yake haikuikuta.

Mswada wa kwanza ulikuwa wa dakika 14, tarehe tupu. Jumanne nilimsomea mwenzangu wa kwaya, anayeimba alto. Akavumilia mpaka mwisho, kisha: "Sasa mbona haimbi?"

Nikaufuta karibu wote. Nilichobakiza ni hiki: Julai 1832, akiwa na miaka 18, alipanda jukwaa la Opera ya Paris kama Alice katika Robert le diable, opera ya mtunzi Meyerbeer. Februari 1835 akawa Rachel wa kwanza, yaani wa kwanza kuiimba nafasi hiyo, katika La Juive ya Halévy, na mwaka uliofuata Valentine wa kwanza katika Les Huguenots, ya Meyerbeer tena. Hapo ndipo nilipopata upenyo. Nafasi hizo mbili za mwisho zilishonwa kwa kipimo cha koo lake, kama fundi cherehani anavyomkatia mteja nguo. Mteja hayupo, nguo ipo.

Basi nikapakua nota za Valentine na kukesha siku mbili nikizihamishia kwenye sol-fa kwa penseli, maana kwetu wengi tunasoma do-re-mi, si mistari. Kazi ya macho hiyo! Lakini mambo yakaanza kuonekana. Muda mrefu anaimba katikati na chini, pale sauti za soprano wengi (waimbaji wa sauti ya juu ya kike) zinapofifia, halafu anatakiwa apae hadi C ya juu huku orkesta ikinguruma. Wafaransa mpaka leo sauti ya namna hiyo huiita "falcon".

Jumapili baada ya ibada mwenzangu alijaribu vipande viwili. Cha chini alikimudu. Cha juu alicheka, akanywa maji, akaniambia nikatafute soprano. Nimeshampata. Kwa hiyo wataimba wawili, na nitasema wazi kwamba kazi yao ilikuwa ya koo moja, la msichana wa miaka 22. Mimi si daktari, ila nadhani alibebeshwa mzigo mapema mno. Kwenye kwaya tunalijua hilo: anayeweza vyote hupewa vyote.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni ile ya Machi 1837, katika Stradella ya Niedermeyer. Inasimuliwa kwamba Adolphe Nourrit, mwimbaji mwenzake jukwaani ambaye pia alikuwa mwalimu wake, aliimba akimuuliza kama yuko radhi waondoke kesho. Jibu la Falcon ni maneno matatu tu: "Je suis prête", niko tayari. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu, akazirai. (Jina la Nourrit nimelirudia mara nyingi hadi mke wangu ananiita hivyo mezani.) Baadaye alikwenda Italia kutafuta tiba, akajaribu tena Paris Machi 1840, ikashindikana mbele ya watu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeongeza sentensi mbili kuhusu Januari 1875, jengo jipya la Opera, Palais Garnier, lilipofunguliwa. Usiku ule zilipigwa sehemu za La Juive na Les Huguenots. Falcon alikuwa hai, ana miaka 60.

Jana usiku, bodaboda zilipotulia, nilirekodi ile ya Stradella chini ya blanketi. Baada ya swali la Nourrit niliacha kimya cha sekunde sita. Asubuhi nasikiliza, kimya hakipo: programu imekikata yenyewe ikidhani ni kasoro. Leo natafuta pa kuizimia hiyo tabia.