Siku Moja na Mipira ya Matone, Mapembeni

Saa kumi na mbili asubuhi nishashuka feri ya Likoni, begani koili ya mpira wa milimita 16, wa kumwagilia maua tone kwa tone. Leo ni vitalu vya maua vya Moi Avenue, Mombasa, karibu na Pembe za Ndovu.

Saa mbili naunyoosha mpira juani. Ukiuzika ungali umejikunja, utajinyanyua na kuufukua mchanga wote.

Saa nne nafungua kitalu cha zamani ambacho mabogenvilia yake yanapukutisha majani. Tangi limejaa, lakini matundu, yaani vidude vya mpirani vya kutolea matone, hayatoi kitu. Nakata kipande cha mpira, nakiinua kwenye mwanga: mdomo wa tundu umezibwa na ukoko mweupe, mgumu kama gamba la chaza. Si mchanga huo, ni chokaa. Kisiwa chetu kimekalia mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanatoka na chokaa ndani yake. Tone likikauka, chokaa hubaki. Nalitia tundu kwenye siki, linatoa povu. Baada ya muda tundu liko wazi.

Mzee wa kahawa amesimama ananitazama.

"Mwanangu, vitone hivi vitashibisha ua hili?"

"Hebu tia kidole hapa, mzee."

Anachimbua. Juu pakavu, chini kidole chote kimelowa. Anatikisa kichwa, ananimiminia kikombe.

Adhuhuri, swala na wali wa nazi.

Saa nane ndipo ninapovutana na vijana wangu. Wanataka kuziba ncha za mipira upesi tukamalize. Nakataa. Kwanza maji yapite, yatoe vumbi na vipande vya plastiki vilivyobaki tulipotoboa, hadi yatoke meupe. Hapo ndipo tuzibe. Chujio la tangini haliwezi kuzuia uchafu ambao tayari umo ndani ya mipira! Mwaka jana niliwaachia, nikarudi kufukua kitalu kizima.

Saa kumi nafungua koki. Mpira wa mita 20, tundu kila sentimita 30, yaani matundu 66. Tangi liko mita 2 juu, hivyo kila tundu hutoa kama lita 1 kwa saa. Napita nimeinama, nalishika moja moja. Matatu makavu. Nayabadilisha.

Magharibi inakaribia, tunafunika mipira kwa majani makavu. Kesho saa moja nitarudi kuutia udongo kidole.