Nukta ya ba

Juzi binti yangu karudi skuli akaja moja kwa moja karakana, simu mkononi. "Baba, hebu itazame herufi hii." Nikaweka patasi chini.

Ulikuwa ukurasa mmoja wa Kitabu cha Kells, Injili nne za Kilatini zilizoandikwa na watawa juu ya ngozi ya ndama, yapata mwaka 800. Siku hizi kimehifadhiwa Trinity College, Dublin. Ukurasa wote una maneno matatu tu, yanayoanza habari ya kuzaliwa kwake Nabii Isa katika Mathayo. Herufi ya kwanza, Chi ya Kigiriki inayoanza jina la Kristo, ina umbo la X, na mguu wake mmoja umenyooka ukashuka mpaka chini kabisa. Ya pili, Rho, mkunjo wake unaishia kwenye kichwa cha mtu. Kuta za herufi zimejaa mizunguko ndani ya mizunguko, laini kama uzi wa kofia. Binti akaikuza picha: kule chini panya wawili wanagombania kipande cha mkate, paka wawili wamekaa wanawatazama. Mbele kidogo fisi maji mweusi kashika samaki.

Nilikaa na ukurasa ule mpaka adhana ya magharibi. Kwenye kanga tumezoea kila kitu na pahala pake: pindo pembeni, mji katikati, jina ndani ya kisanduku chake. Hapa herufi yenyewe ndiyo mji, na viumbe wamehamia humo.

Nikaukumbuka mlango wangu wa tatu, wa mfenesi. Kizingiti cha juu nilichonga Bismillahi, na chini yake jani la kujipinda, ambalo nililipenda mno. Mwenye nyumba, mzee wa makamo, alipitisha kidole kwenye maandishi, akasimama mwanzoni. "Fundi, nukta ya ba iko wapi?" Jani lilikuwa limeimeza. Ba, herufi ya kwanza ya Bismillahi, bila nukta si ba. Nilikichonga upya kizingiti kile, ubao kwa gharama yangu, na uchungu wake ninao hadi leo.

Kosa langu lilikuwa kuvichora mbali mbali, maandishi siku moja na maua siku nyingine, kisha nikavilazimisha kukaa pamoja. Jumapili nilikwenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuutazama tena mihrabu wa msikiti wa kale, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mle hamna paka wala panya, na mimi pia sichongi viumbe, lakini herufi zinachipua majani kwenye ncha zake. Jani ni la herufi ile ile, limetoka kwenye mwili wake, haliwezi kuifunika.

Sasa nina kizingiti kipya mezani. Penseli nimeianzia kwenye nukta ya ba, nikaizungushia duara ili patasi isipite hapo. Jani la kwanza nimelitoa kwenye mkia wa mim, mwisho wa Rahim, linapanda kuelekea pembeni.