Ziwa limefunguliwa, na mwezi nao kaamua kujaa

Jamani ziwa limefunguliwa!! Naandika hapa mikono inanuka dagaa na wala sina haraka ya kunawa, nimeimisi hii harufu balaa.

Kwa mlio mbali, Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka huu 2024, hakuna kuvua, samaki wazaliane wakue. Nchi zote nne zenye ziwa, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana hili suala la kulipumzisha. Sikatai, kila mtu hapa Kigoma aliona samaki wanavyopungua. Ila we kubali tu halafu uone, beseni limefudikizwa uani miezi mitatu na ada ya mtoto inakusubiri. Mimi kazi yangu dagaa, shamba sina. Nimeuza mihogo ya kuchemsha, nimeuza vitenge vya mkopo ambavyo mpaka leo kuna watu wakiniona wanakata kona. Na mboga ndo usiseme, tumekula dagaa wa Mwanza. Watu wa Mwanza mnisamehe, lakini mtu aliyekulia dagaa wa Kigoma ukimpa wale anakula huku anaangalia pembeni.

Wiki hii yote mwaloni Kibirizi ilikuwa hekaheka, nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa nyufa, injini zinaguruma na hazina pa kwenda, vijana waliokuwa wametawanyika kutafuta vibarua wote wamerudi.

Sasa tatizo mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, unawasha wanapanda juu wanakusanyika, lakini kukiwa na mbalamwezi taa yako haina maana, samaki wametawanyika tu, ndo maana kila mwezi wavuvi wana siku zao za kukaa nyumbani. Na Agosti hii mwezi unakuwa mpevu tarehe 19! Ziwa linafunguliwa zimebaki siku nne. Nikamwambia shemeji yangu si msubiri giza tu, akanijibu, "Shem, nimekaa nchi kavu siku tisini, hata nikivua maji naenda."

Wakaenda kweli. Saa nane usiku usingizi umegoma nikatoka uani, mwezi uko umeinamia upande wa Kongo, na chini yake taa, taa, taa, utasema kuna mji umehamia majini. Miezi mitatu hapo palikuwa peusi tii. Nikakuta mama mkwe kashatoka zamani, kajifunga kanga, haongei na mtu, anahesabu.

Alfajiri mtumbwi wa kwanza haujagusa hata mchanga kina mama tushaingia majini mpaka kiunoni na mabeseni yetu, mmoja kapoteza ndala, mwingine anaita jina la Mungu na jina la tajiri wa boti kwa pamoja. Ndani sasa! Dagaa hata nusu mtumbwi hawafiki, na migebuka, wale samaki wetu wakubwa kuliko dagaa, ya kuhesabu. Bei ilikuwa ya kutukanana. Nikaambulia beseni moja na nusu, hiyo nusu tumegawana na jirani na tumenuniana kidogo, itaisha. Lakini mngewaona, wabichi, wanametameta kama sindano, wengine bado wanarukaruka mkononi.

Migebuka mitatu niliyopata sikuuza hata mmoja. Imeingia kwenye mawese na nyanya chungu, ugali wa muhogo pembeni, na mwanangu ambaye wiki iliyopita alikuwa anasema hana njaa leo kaomba sufuria akombe.

Mteja wangu wa Dar kapiga mara nne toka asubuhi anauliza mzigo. Nimemwambia atulie, beseni moja na nusu haipandi basi, mwezi ukishapungua giza likaanza ndo tutaongea. Kakata simu kanuna. Ngoja niishie hapa, bata wa jirani wamerudi kwenye kichanja changu cha kuanikia dagaa.